Mwaka Tuliopika Mura

Siku ya arobaini ya Mama Zuhura, pale nyumbani kwake Bomani, hitma ikiwa imekwisha na pilau imeshapakuliwa kwenye masinia, gari dogo la mizigo lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni na vijana wawili wakaanza kushusha kreti za soda. Hakuna aliyeziagiza. Dereva alisema ni rambirambi ya mkurugenzi wao, akauliza nani anapokea. Sisi wanawake tuliokaa kwenye mikeka tukakunja miguu ili kreti zipite, na mjukuu wa marehemu akaanza kugawa chupa, akaanza na mimi kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango, na kwa kuwa siku hizi nina mvi za kutosha kuanziwa. "Shikamoo shangazi. Kunywa hii, ni ya hapahapa kwetu." Nikavaa miwani. Kwenye lebo kulikuwa na neno MURA kwa herufi nyekundu, na chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa macho, waliandika kwamba ni kinywaji cha asili kilichotengenezwa kwa mapishi ya siri ya familia. Nilimrudishia yule binti chupa yake nikamwomba maji. Akadhani nina kisukari, nami nikamwacha adhani hivyo.

Siri ya familia. Neno hilo lilinikaa kooni kuliko mchele. Nimewahi kuibiwa, kama kila mtu. Niliwahi kuibiwa simu stendi, na niliwahi kuibiwa kuku na jirani ambaye nilimsikia akiwakaanga. Lakini kuibiwa kitu ulichokuwa unakigawa kwa mikono miwili ni wizi ambao hauna hata pa kuupeleka. Polisi atakuuliza, si ulimpa mwenyewe? Na kweli, tulimpa wenyewe. Pale kwenye mkeka, huku wenzangu wakizibua vizibo na kusifia gesi, nilikuwa nimekasirika kana kwamba ni juzi, na nilikasirika zaidi kwa sababu mwenye haki ya kukasirika kunizidi tulikuwa tumeshamzika.

Habari za kwetu na za ukoo naziacha. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa binti niliyemaliza chuo cha uhazili, nimepanga chumba cha uani kwa Mama Zuhura, na nimepata kazi ya kuchapa barua kwenye steshenari ya Marwa, hatua chache kutoka pale. Steshenari yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao nyembamba: mbele kompyuta mbili na mashine ya kurudufu iliyokuwa ikimeza karatasi za watu bila huruma, nyuma godoro la Marwa, jiko la mafuta ya taa na mashati yake yaliyoning'inia kwenye msumari. Kila alichosema nyuma ya mbao kilisikika mbele. Marwa alikuwa mtoto wa hapahapa Tarime aliyekwenda kusomea kompyuta Dar es Salaam, akajiunga huko na vijana waliokuwa wakitafsiri programu kwa Kiswahili bila malipo, akarudi nyumbani na imani mpya. Imani hiyo aliita huria. Programu ya kompyuta, alisema, ni mapishi tu. Kuna wanaoficha mapishi yao wakakuuzia chakula, na kuna wanaokuonyesha chungu chote, ukachukua, ukabadilisha, ukamrudishia mwenzako ulichogundua. Watu waliingia kurudufu vyeti vya kuzaliwa wakaondoka na hotuba. Mimi nilisikiliza kila siku, na niliamini kila neno. Simsingizii, yeye mwenyewe pia aliliamini. Mtu mwongo tangu mwanzo ningeshamsahau.

Watu walidhani tunachumbiana. Hatukuwa wachumba. Laiti tungekuwa, maana mchumba akikuacha unapewa pole, majirani wanakuletea ndizi na maneno mazuri. Aliyeachwa na rafiki wa wazo hapewi pole na mtu, kwa sababu hakuna anayejua kimevunjika nini.

Mama Zuhura alikuwa akiuza sharubati dirishani kwake. Marehemu baba yake alifika Tarime na biashara ya kanga kutoka Pwani, yeye akazaliwa hapahapa na kuolewa hapahapa, na upishi wa kwao aliushikilia: maharage ya nazi Ijumaa, kama nazi imefika na basi, na hiyo sharubati ya tangawizi na ukwaju yenye iliki kwa mbali, ambayo aliipika alfajiri mlango ukiwa umefungwa. Kikurya chake kilikuwa cha sokoni, lakini neno moja alikuwa amelichukua likawa lake kabisa. Neno hilo ni mura. Kwa Wakurya mura ni kijana wa kiume aliyeshapita jandoni, ila mjini Tarime limeshavuka hapo. Ni namna ya kumwita mwanaume yeyote unayetaka akusikilize, kuanzia kondakta hadi daktari wa mifugo. Mama Zuhura alimwita Marwa hivyo kila alipopita. "Mura, umekula?" Na Marwa, ambaye alikuwa hajala, aliingia uani akakaa kwenye kigoda, akapewa chapati na kikombe cha sharubati.

Siku moja, sote watatu tukiwa pale uani tunachambua mchele, Marwa aliinua kikombe chake akamwuliza, "Mama, hii unaipikaje?"

"Unataka kuoa au kufungua duka?"

"Nataka tuiandike ukutani, kila anayepita aisome."

Mama Zuhura aliendelea kutoa chuya. "Niwape watu bure kitu cha mama yangu?"

"Sikusema bure."

"Maana hapa ukisema bure, watu wanaelewa kibovu. Mtu bure. Kazi bure. Watasema sharubati yenyewe ni bure kabisa."

"Ndiyo maana nasema huria, Mama. Kuuza utauza, na hela yako utachukua. Ila jinsi ya kuipika hufichi. Mtu akiichukua akaiboresha, anarudi kukuambia, na wewe unapata alichoongeza."

"Na asiporudi?"

"Atarudi," alisema Marwa. "Mtu akiaminiwa anarudi."

Nilitegemea Mama Zuhura acheke. Badala yake aliweka ungo chini akatueleza habari ya halua. Mama yake, alisema, alikuwa akipika halua ambayo watu waliifuata toka Musoma, na hakumwonyesha mtu, hata yeye binti yake wa pekee. Alikuwa akimwambia utaijua ukikua. Akakua, akaolewa, mama akafa ghafla. "Nimeijaribu maisha yangu yote," alisema, "na kila nikiipika inatoka gundi. Halua ya mama yangu imezikwa naye, jamani. Ipo kaburini inaliwa na nani?" Akaokota ungo wake. "Andikeni. Lakini andiko liwe zuri."

Tuliandika kwenye ubao wa mbao tulioupaka weusi wa mawe ya betri kuukuu, tukautundika uani, na mlango wa jiko ukaanza kukaa wazi tangu alfajiri. Mwandiko ulikuwa wangu. Chini kabisa niliandika sharti, maneno ya Marwa: chukua, badilisha upendavyo, ukibadilisha rudi utuambie, na kokote uendako useme umeipata wapi. Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya Marwa mwenyewe. Alitaka sharubati iwe na gesi kama soda za dukani, akasema ukitia hamira kidogo ukafunga chupa vizuri, gesi itajitengeneza yenyewe. Mama Zuhura alimtazama sana. "Hiyo haitakuwa pombe?" Marwa akamweleza kwamba ikiwahiwa kuingizwa kwenye baridi haifiki huko. Mama akaweka sheria yake hapohapo: chupa ikishapata gesi haikai nje, iende kwenye friji, na friji ya uani ikahamishiwa kwenye kivuli kwa ajili hiyo.

Jina halikutungwa na mtu. Siku tuliyozibua chupa za kwanza alikuwepo Chacha, mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Nyangoto, aliyekuja mjini kununua kamba na koleo. Alipiga funda refu, akacheua kwa sauti hadi kuku wakasogea, akaitazama ile chupa kwa heshima, akaiambia, "Mura." Basi. Kesho yake watu walikuja dirishani wanaomba mura, na Mama Zuhura akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alisema ameitwa Mama wa watoto wengi, lakini hajawahi kuwauza wakiwa baridi.

Nikitazama nyuma, miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya niwe mtu ninayemjua. Kabla ya hapo nilikuwa nachapa maneno ya wengine. Wanawake walifika kutoka vijijini na hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari, wakasimama mbele ya ubao, wasiojua kusoma wakasomewa, wakaonja, wakabishana. Mmoja wao alikuwa Mama Wambura wa Ikoma, ambaye mumewe alifanya kazi ya bustani kwenye loji moja karibu na geti la hifadhi. Alikuja Tarime kumwona binti yake aliyekuwa anasoma bweni, akaondoka na mapishi kichwani. Baada ya wiki chache alirudi, na hakuanza na salamu.

"Soda yenu imenipasukia," alisema akiwa bado mlangoni. "Chupa zote. Mbuzi wangu alikimbia, mpaka leo hataki kulala kule nyuma."

Tulimkalisha, tukampa chai, tukarudia naye hatua moja moja. Alikuwa amefuata kila kitu. Ilituchukua muda kuona kosa letu: ubao ulisema soda ikae siku mbili ndipo iingie baridi, na siku mbili hizo zilikuwa za Tarime, huku kwenye ukungu na sweta asubuhi. Kule chini Ikoma, kwenye joto, hamira ilikuwa inakimbia. Tulikuwa tumeandika hali ya hewa yetu tukadhani ni mapishi. Marwa alitaka tuandike saa tofauti kwa kila mahali. Mimi nilikuwa naosha chupa, nyingi za kioo na moja ya plastiki iliyochanganyika, nikaibonyeza ile ya plastiki bila kufikiri, na wazo likanijia. Katika kila mkupuo tia chupa moja ya plastiki. Usihesabu siku, ibonyeze hiyo. Ikiwa bado inabonyea, subiri; ikiwa ngumu kama jiwe, zote zimeiva, peleka kwenye baridi. Tuliiita shahidi. Marwa alichukua chaki akaandika ubaoni kwa mkono wake: "Shahidi, wazo la Bhoke." Sikuwahi kuona jina langu likiandikwa juu ya kitu nilichokigundua mimi, na nilikaa nalitazama hadi maji ya chupa yakapoa.

Nilitumwa Ikoma kumwonyesha Mama Wambura. Nililala kwake siku kadhaa, kwenye chumba chenye mahindi ya mbegu darini na chupa zilizopangwa ukutani, shahidi katikati yao. Mchana tulikula ugali wa mtama na muhogo kwa maziwa ya mgando, na wafanyakazi wa loji walipita na baiskeli wakauliza kama mura imeiva, wengine wakaingia kuibonyeza wenyewe na kubishana kama ni tayari. Mama Wambura naye alikuwa na lake la kurudisha. "Mwambie mama yako wa Tarime aache kuchemsha ukwaju," aliniambia akilamba kijiko. "Anaua. Ukwaju unalowekwa tu, maji ya vuguvugu, unaachwa. Utaona." Nikabeba maneno hayo hadi Bomani, Mama Zuhura akajaribu, akaonja mara mbili, kisha akaufuta mstari wa mama yake mwenyewe ubaoni, akaniambia niandike wa Mama Wambura na jina lake. Najua ilimgharimu nini kufuta mstari ule. Nilimwona akishika chaki na kuirudisha chini kabla hajanipa.

Kisha ikaja habari ya Nyangoto. Mwanaume mmoja tusiyemjua alifika dirishani akaomba "ile iliyokomaa." Mama Zuhura akamwuliza iliyokomaa ni ipi, naye akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba kule machimboni mura huachwa juani nyuma ya mabati mpaka ikasirike, na chupa moja inamtosha mtu mzima kusahau deni. Wenyewe walikuwa wanaiita Mura Mzee. Mama Zuhura alifunga dirisha mchana kweupe. Chacha aliitwa, akaja siku ya soko, akakaa kwenye kigoda kofia mkononi.

"Mimi mwanamke wa swala tano," Mama alimwambia, "leo natajwa kwenye pombe?"

"Mama, usikasirike," alisema Chacha. "Kwani shida iko wapi? Hii ubao yenu imesema mtu abadilishe. Sisi tulibadilisha. Imesema arudi aseme, na mimi si ndiye huyu nimekuja kusema?"

 Kwa sharti letu alikuwa sahihi kabisa. Marwa aliinamisha kichwa kuficha kicheko, mimi nikatazama ubao, na Mama Zuhura akalisoma upya lile sharti. Mwishowe alisema, "Sitamfunga mtu mikono. Pikeni mnavyopika. Ila isiitwe Mura. Hiyo ni yenu, itafutieni jina lingine." Chacha alifikiri, akakubali, akasema wataiita Babu. Na waliiita Babu, tangu siku ile, na sijawahi kusikia kwamba Chacha alivunja neno lake. Huwa namkumbuka kila ninapoambiwa habari za waaminifu na walevi.

Marwa hakucheka tena jioni ile. Alibaki uani anatazama ubao. Alisema Mama amegusa jambo ambalo hata wale wenzake wa Dar walikuwa wakilizungumza: mapishi yanaweza kuachwa wazi, lakini jina likiachwa wazi, mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye uchafu. Jina lisajiliwe, alisema, liwe la jiko, ili siku nyingine asije mtu mbaya kuliko Chacha. Lilikuwa wazo zuri. Nalisema hivyo hata leo, lilikuwa wazo zuri. Mama Wambura alipopigiwa simu alikubali, wanawake wengine wakakubali, na kwa kuwa ni Marwa tu aliyejua ofisi za Dar zinaingiwaje, tulimtuma yeye. Mama Zuhura aliamka kumkaangia kuku wa njiani na kumfungia chapati kwenye kitambaa safi. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi. Alinipungia mkono dirishani, kitambaa cha chapati mapajani, na sikuwa na wasiwasi wowote duniani.

Aliporudi alikuwa mchangamfu na mwenye haraka. Alisema mambo yanashughulikiwa. Wageni walianza kufika steshenari, wanaume wenye viatu safi waliopitishwa moja kwa moja nyuma ya mbao, na mimi mbele nikaendelea kuchapa. Siku moja nilimsikia akiongea kwenye simu, sauti yake ikiwa ya kujiamini kuliko nilivyoizoea. "Mapishi hayana shida," alisema. "Yako ukutani, kila mtu anayajua. Mali ni jina." Akasikiliza, kisha akasema tena, taratibu, kama anavyoelekezwa mtu, "Jina lipo salama, niamini." Nilisikia kwa masikio yangu mawili na nikafurahi. Nilidhani anatutetea. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikamwambia Mama Zuhura kwamba jina letu lipo salama, naye akasema alhamdulillahi, akanipakulia maharage.

Baadaye steshenari ilifungwa kwa wiki, ikafunguliwa na kijana mwingine, na Marwa akahamia jengo jipya kwenye barabara ya Sirari. Aliniambia atanichukua mambo yakikaa sawa. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja pick-up ilisimama mbele ya dirisha la Mama Zuhura, akashuka kijana wa mauzo, mpole, mwenye shikamoo ya kweli. Alisema ametumwa kumwomba mama afute lile neno aliloandika juu ya dirisha, MURA INAPATIKANA HAPA, kwa sababu jina hilo sasa lina mwenyewe na haliruhusiwi kuuzia kinywaji kingine.

"Umekosea nyumba, mwanangu," Mama alimwambia. "Mwenyewe ni sisi. Nenda kamwulize Marwa pale barabara ya Sirari, ndiye anayelishughulikia."

Yule kijana alitazama viatu vyake. "Mama," alisema, "ndiye aliyenituma."

 Mama Zuhura alimpa soda, maana alikuwa mgeni na jua lilikuwa limechomoza kali, akasubiri amalize, akapokea chupa. Kisha akavaa baibui lake, akaniambia tuondoke. Tulitembea kwa miguu. Njiani alisema mara moja tu kwamba lazima kuna makosa, kwamba ofisi za Dar zinakosea majina ya watu kila siku, na mimi nikaitikia kwa sababu nilitaka iwe hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Ofisi ya Marwa ilinuka rangi mbichi. Kulikuwa na meza ya kioo, viti vya kuzunguka, na friji yenye mlango wa kioo iliyojaa chupa zenye lebo nyekundu. Alisimama haraka alipotuona, akamwamkia Mama kwa mikono miwili, akatuvutia viti. Mama akamwuliza kama ni kweli. Marwa hakukana. Kwa hilo nampa haki yake, alitutazama usoni akaeleza vizuri kabisa, kama alivyokuwa akieleza siku zote. Alisema walipofika kwenye kusajili, jiko si mtu, wanawake wa ubaoni si kampuni, sheria inataka mwenyewe mmoja, na waliojitolea kutoa mitambo wasingeweka mali yao juu ya kitu cha kila mtu. Alisema hajafunga chochote. "Mapishi nimewaachia yote. Pikeni, fundisheni, uzeni, hakuna atakayewagusa. Ni jina tu."

"Na la kwenye chupa?" nilimwuliza. Nilikuwa nimeshachukua moja na kuisoma. "Siri ya familia. Familia gani, Marwa? Shahidi ni siri ya nani? Ukwaju wa Mama Wambura?"

"Hayo ni maneno ya biashara, Bhoke. Watu hawanunui kitu ambacho kila mtu anakijua." Akaona uso wangu, akageukia kwa Mama, na kwa sauti ya kubembeleza akasema, "Ninyi itafutieni tu jina lingine."

Sijui kama alijua anarudia maneno ya nani. Mama alijua. Niliona yamempata, palepale kwenye kiti cha kuzunguka, na niliona anavyojikaza asionyeshe. Nilikuwa na mengi ya kumwambia Marwa. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilichoweza kusema ni kwamba tulimwamini. Alisema anajua, na kwamba siku moja nitaelewa. Ni miaka mingi sasa. Nimesoma kidogo habari za sheria za majina, nimekutana na watu wengine wa huria wanaoheshimika, na nimeelewa kila alichofanya, hatua kwa hatua, na kila nikielewa zaidi inauma zaidi. Angekuwa ameiba mapishi ningeweza kumwita mwizi. Alichukua kile kimoja tu tulichomkabidhi akilinde, na akakilinda kweli, dhidi yetu.

Alizibua soda mbili akatuwekea mezani. Mimi sikuigusa. Mama Zuhura alijifunga mtandio wake vizuri, akasimama, akamshukuru kwa kutupokea.

"Kwaheri, Bwana Marwa," alisema.

Marwa alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu. "Ah, Mama. Bwana Marwa tena? Niite mura, kama siku zote."

"Siwezi, baba," alisema Mama Zuhura. "Lina mwenyewe."

Tulirudi Bomani, tukafuta maandishi juu ya dirisha kwa brashi na sabuni, na kesho yake tukapika kama kawaida, mlango wazi, ubao mahali pake. Wateja waliokosa cha kuita waliomba "ile yenu," nasi tukawapa. Mama Zuhura aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawalisha vijana wengi wenye njaa waliopita pale uani, akawaita mwanangu, akawaita baba, akawaita kwa majina yao. Mura sikumsikia akimwita mtu tena.